Sindano ya Baridi Yabisi Inapoacha Kufanya Kazi

Hotuba hii ilitolewa kwa wakazi na wahudumu wa afya ya jamii katika kikao cha hamasisho kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Inachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kuna ugonjwa ambao mashinani huitwa baridi tu, na wengi huuchanganya na maumivu ya uzee. Huu ni baridi yabisi ambapo kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, hugeuka na kushambulia viungo. Vidole huvimba, viganja huuma, na asubuhi mgonjwa anaweza kumaliza saa nzima kabla ya kuweza kufunga kifungo cha shati au kushika jembe. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuugua wakiwa bado na nguvu za kulea na kutafuta riziki.

Matibabu kwa kawaida huanza na methotreksati, inayotumiwa mara moja kwa wiki. Si kila siku: kuimeza kila siku kunaweza kuua. Ikishindwa, daktari bingwa anaweza kuongeza dawa ya kibayolojia. Hizi ni protini zinazotengenezwa ndani ya chembe hai, na kila moja huzuia sehemu fulani tu ya kinga. Mwaka wa 1992 jijini London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa infliksimabu, inayozuia kichochezi cha uvimbe kinachojulikana kama TNF. Adalimumabu, sindano ya kila wiki mbili ambayo mgonjwa hujidunga mwenyewe, ni ya jamii hiyo hiyo.

Shida ya leo ni hii. Mgonjwa anapata nafuu, anarudi shambani au dukani, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili uvimbe unarudi ilhali sindano ni ile ile. Nyumbani wanasema pesa zimepotea bure, wengine wanasema amerogwa. Anaacha kliniki na kuanza kununua prednisoloni katika duka la dawa bila cheti cha daktari. Vidonge hivyo humpa nafuu ya haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Vikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na vikiachwa ghafla mgonjwa anaweza kuzimia au hata kufa. Huku nyuma viungo vinaendelea kuliwa, na kiungo kilicholiwa hakirudi.

Dawa hizi hushindwa kwa njia mbili. Kuna ambaye haimsaidii tangu mwanzo, kwa sababu pengine uvimbe wake hauendeshwi na TNF bali na njia nyingine. Na kuna ambaye ilimsaidia kisha ikaacha. Kwa huyu wa pili, mara nyingi mwili umeitambua dawa kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili za kuipinga. Kuruka dozi, hasa za infliksimabu, huupa mwili nafasi ya kufanya hivyo. Methotreksati hupunguza hatari hiyo, na ndiyo sababu daktari hukataa mgonjwa asiiache eti kwa kuwa sasa ana sindano kubwa.

Lakini kabla ya kusema dawa imeshindwa, kuna maswali ya kuuliza. Sindano ilikaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8? Ilisafiri kwenye bodaboda juani, au iliganda karibu na barafu? Umeme ulipotea siku ngapi? Je, dozi zilirukwa kwa kukosa nauli? Mwambieni daktari ukweli. Akidanganywa, atabadilisha dawa ambayo haikuwa na kosa, na dawa za kubadilishia si nyingi. Tena si kila maumivu ni ya ugonjwa kuamka. Goti lililokwisha kuharibika litauma hata kama uvimbe umetulia, na hakuna dawa ya kibayolojia itakayolirekebisha.

Ikithibitika kwamba imeshindwa, daktari anaweza kujaribu nyingine ya kuzuia TNF au kuhamia njia tofauti kabisa. Rituksimabu huondoa chembe B za kinga. Tosilizumabu huzuia kichochezi kingine cha uvimbe. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka wa 2016 ulifuatilia wagonjwa 300 ambao dawa ya TNF iliwashinda. Baada ya wiki 24, asilimia 69 ya waliohamishiwa njia tofauti walikuwa na nafuu, dhidi ya asilimia 52 ya waliopewa nyingine ya TNF. Hivyo kushindwa kwa sindano moja si mwisho wa safari. Dawa mpya nayo ipewe muda: ikiwa hakuna mabadiliko yoyote kwa miezi 3, au lengo halijafikiwa kwa miezi 6, mpango huangaliwa upya.

Katika nchi yetu kifua kikuu hakiwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Mwaka wa 2001 madaktari waliripoti visa 70 vya TB kwa watu waliotumia infliksimabu, na katika visa 40 ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya TB vilivyolala bila kukohoa hata siku moja, na dawa ikaviamsha. Kwa hiyo vipimo vya TB na vya homa ya ini aina ya B hufanywa kabla ya kuanza, na kubadilisha dawa ni wakati mzuri wa kuuliza kama vinahitaji kurudiwa. Anayetumia tosilizumabu ajue kwamba inaweza kuficha homa, kwa hiyo asingoje mwili uwe moto ndipo aende hospitali. Chanjo zenye viini hai, kama ya homa ya manjano, zisitolewe bila daktari bingwa kuambiwa.

Gharama ni kubwa, hilo halifichiki. Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2019, na nakala zake zilizoidhinishwa huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ipo nakala hiyo, na aulize kuhusu malipo ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya dozi ya kwanza.

Anayetumwa kwa kliniki ya viungo, kama ile ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, abebe barua ya rufaa, majina ya dawa zote alizowahi kutumia na tarehe alizoanza na kuacha kila moja, picha za eksirei za mikono, majibu ya TB, na maboksi matupu ya sindano kama bado yapo.