Kicheko cha Afisini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ole, Pemba)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya jambo lihusulo kazi yetu. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya mishahara, likizo na malipo ya uzeeni, nao wamesema vyema. Mimi nitasema juu ya kicheko. Naona baadhi yenu mmeanza kutabasamu kwa kulisikia neno lenyewe tu. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, kwamba jambo hili huambukiza.

Katika afisi moja niliyopata kuitumikia zamani, ambayo sitaitaja, ilikuwa mwisho wa mwaka wa hesabu. Mkaguzi alitazamiwa kesho yake. Hesabu ilipungua shilingi 27,000. Nasi tulikuwa tumekesha usiku wa pili. Watu wamejaa barazani wakingoja stakabadhi zao. Mara tarishi akaingia, akamwuliza Karani Mkuu kwa adabu zote, "Bwana, chai?" Basi, ni hayo tu. Hapana kichekesho katika maneno hayo. Lakini karani aliyekaa karibu nami akaguna puani. Mimi nikajiuma mdomo. Wa tatu akaficha uso nyuma ya daftari. Na kufumba na kufumbua makarani watano tumelala juu ya meza, machozi yakitutoka. Kila aliyetaka kunyamaza alimwona mwenziwe, akaanza upya. Karani Mkuu peke yake hakucheka.

Dirishani alikuwa amesimama bibi mmoja mzee wa shamba, ameshika karatasi yake. Alitutazama mmoja mmoja, akajitazama nguo zake, kisha akasema taratibu, "Wanangu, ni mimi mnayenicheka?" Kicheko kikakatika kama uzi. Nilitaka kumjibu, nikakosa neno. Akaikunja karatasi yake, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kitu gani kilitushika? Nikatafuta habari katika vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tarehe 30 Januari 1962, miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hata kufika tarehe 18 Machi, siku ilipofungwa shule, walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 katika 159. Wengine walicheka, wengine walilia, wengine walikimbia huku na huku. Kwa baadhi yao jambo hilo lilidumu saa chache, na kwa wengine hata siku 16. Wasichana waliporudishwa kwao, watu 217 wakashikwa katika vijiji vya Nshamba, walikotoka baadhi yao. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, na kabla ya mwezi wa Juni kwisha ikafungwa mara ya pili. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizi mwaka 1963, walipima damu na kuchungua chakula. Hawakuona sumu wala kijidudu. Hapana aliyekufa. Na jambo moja lilinishangaza zaidi ya yote: katika walimu hakushikwa hata mmoja.

Mwaka huo huo wa 1962, katika kiwanda kimoja cha nguo huko Marekani, wafanyakazi 62 waliugua vipele, kizunguzungu na kichefuchefu, wakisema wameumwa na mdudu aliyekuja na vitambaa. Mdudu wa kuleta maradhi hayo hakuonekana. Kilichoonekana ni msimu wa kazi nyingi na saa nyingi za ziada.

Sisemi kwamba makarani watano wa afisi yangu walikuwa wagonjwa. Kicheko chetu kilikwisha kwa neno moja la mzee. Lakini naona mambo haya ni ya ukoo mmoja. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Robert Provine, alisikiliza mazungumzo ya watu wa kawaida, akaona kwamba sehemu kubwa ya kicheko haifuati masihara, hufuata maneno matupu kama lile la chai. Na ya kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa pamoja na wenziwe kuliko akiwa peke yake. Wahenga husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kicheko hakina mfiwa. Kila mtu huingia, wala hajui ni cha nani.

Basi tazameni ni nani aliyecheka. Kule Kashasha ni wanafunzi, si walimu. Kwetu ni makarani wadogo, si Karani Mkuu. Hushikwa yule aliyebanwa asiyekuwa na ruhusa ya kusema kwamba amebanwa. Pafukapo moshi pana moto. Na mkubwa apigaye kelele kwa ajili ya moshi, asitafute moto, hatazima kitu.

Kwa hiyo nina maneno matatu ya kuwaomba. Kwanza, aonaye kicheko kinamjia asimtazame mwenziwe. Na atoke nje avute pumzi. Pili, aliye dirishani ana haki kabla yetu sote. Aambiwe hapo hapo, "Si wewe, tuwie radhi," kwani hawezi kuona kilichomo ndani ya vifua vyetu. Tatu, wakubwa wetu, kabla hawajaandika barua ya onyo, waulize kwanza watu hawa wamekesha usiku mangapi. Na chama chetu kiandike saa hizo katika daftari, tuwe na hesabu ya kuwaonyesha.

Mkitaka ushahidi, ninao. Usiku ule tulipelekwa nyumbani tukalale. Asubuhi, kabla ya mkaguzi kufika, nikagawanya 27,000 kwa tisa, ikagawanyika sawasawa. Nikajua ni tarakimu zilizobadilishana mahali. Katika robo saa tuliiona: 52,000 imeandikwa 25,000. Hapana senti iliyopotea. Kilichopotea ni usingizi, na heshima ya bibi yule.

Wiki ya pili alirudi. Nilitoka nje ya dirisha, nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya hesabu na ya chai. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi nilidhani kanga imenichanika nyuma." Kisha akacheka, nami nikamfuata. Kicheko hicho, waungwana, nilijua ni cha nani.