Barua ya Birmingham Isomwe Kanisani



Kila Jumatatu ya tatu ya Januari, Marekani humkumbuka Martin Luther King Mdogo, mchungaji aliyeuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Yapo makanisa ambayo siku hiyo huwaita watu wapande mimbarini, mmoja baada ya mwingine, kusoma maneno yake. Ni desturi njema, na jioni hii nasimama kuitetea. Ila naitetea kwa sharti: yasomwe pia yale yanayolichoma kanisa lenyewe.

Hotuba yake ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, ile ya “Nina ndoto”, haihitaji mtetezi. Mimi nachagua barua aliyoiandika miezi minne kabla, akiwa mahabusu Birmingham, jimboni Alabama. Alikamatwa Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili, pamoja na Ralph Abernathy, kwa kuandamana kinyume cha amri ya mahakama. Siku hizo hizo viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, saba Wakristo na mmoja rabi wa Kiyahudi, walitoa tamko gazetini. Hawakuutetea ubaguzi waziwazi. Walisema maandamano hayo hayana busara na wakati wake haujafika, wakawapongeza polisi, wakawashauri Weusi wapeleke madai yao mahakamani na kwenye mazungumzo.

King alianza kuwajibu pembezoni mwa gazeti, akaendelea kwenye vipande vya karatasi. Mawakili wakavitoa gerezani, na mwenzake Wyatt Tee Walker akasimamia kazi ya kuvipanga na kuvipiga chapa. Barua ikabeba tarehe 16 Aprili 1963.

Kwa nini isomwe kwa sauti, tena yote? Ina karibu maneno 7,000 ya Kiingereza, kama saa nzima ya kusoma. Ndani yake ipo sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, inayowajibu wanaosema “subirini”. Anayataja madhila, moja juu ya jingine: wazazi wanaouawa na magenge, msafiri anayelala garini kwa sababu hoteli hazimpokei, binti wa miaka sita anayelia akielezwa kwamba uwanja wa burudani aliouona kwenye televisheni haupokei watoto wa rangi yake. Nukta haiji. Anayesoma kimya anaweza kupitisha macho tu. Aliye mbele ya watu hana njia, pumzi inamwishia, na waliokaa kwenye mabenchi wanangoja pamoja naye. Hapo ndipo kungoja kunapoeleweka mwilini.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tumo. King anataja mbio za mataifa ya Asia na Afrika kuelekea uhuru, wakati Weusi wa Marekani bado wanatambaa kuipata haki ya kunywa kikombe cha kahawa mgahawani. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961; Kenya ingefuata Desemba hiyo ya 1963. Wala hakuyajua mambo haya kwa kusikia tu: Mei 1959 alimpokea Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, mjini Atlanta.

Lakini kiini cha barua ni kanisa. King anasema amekaribia kuamini kwamba kizuizi kikubwa kwa Weusi si mbaguzi mkali, bali Mzungu wa wastani anayethamini utulivu kuliko haki. Anaeleza alivyoyatazama makanisa mazuri ya Kusini na kujiuliza ni Mungu gani anayeabudiwa humo. Miezi mitano haikutimia: tarehe 15 Septemba 1963 bomu liliua wasichana wanne katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, mjini humo humo. Basi barua hii haina mahali pafaapo zaidi kuliko kanisani. Imeandikwa na mchungaji, kwa wachungaji.

Mwaka 2013, barua ilipotimiza miaka 50, Maktaba ya Umma ya Birmingham iliwaalika watu wa nchi mbalimbali waisome hadharani tarehe 16 Aprili. Ningeongeza jambo moja. Tamko la wale wanane lisomwe kwanza, na alisome mchungaji wa kanisa husika, kwa upole ule ule lililoandikwa nao. Wasikilizaji wengi wataliona la haki kabisa, na waachwe waone hivyo. Kisha msomaji wa kwanza wa barua apande mimbarini mara moja, pasiwe na wimbo wa kwaya katikati.