Kabla ya Kukigawa Kitabu, Tukisome

Hotuba iliyotolewa uani mwa hekalu, Tanga, jioni ya maadhimisho, kwa niaba ya kikundi cha kujitolea cha usomaji wa Gita



Tumeombwa tueleze kazi ya kikundi chetu, ambacho kwa miaka minne sasa kimekuwa kikijaribu kukifikisha kitabu cha Bhagavad Gita kwa watu wasiokijua. Desturi ya sherehe kama hii ni kutaja mafanikio. Tunaomba radhi tukianza na makosa, kwa kuwa hayo machache mema tuliyoyapata yametokana na makosa hayo.

Babu zetu walitoka Porbandar, Jamnagar na Mandvi, wakavuka bahari kwa majahazi, wakisukumwa na upepo wa kaskazi, wakashuka pwani hii na bidhaa zao. Lugha ya hapa ikayapokea maneno ya Bara Hindi: pesa, laki, bepari, gari, bima, chapati. Majirani zetu huyatumia kila siku, nasi hujivunia jambo hilo. Lakini yatazameni tena maneno hayo. Ni ya dukani, ya njiani na ya jikoni. Kile ambacho babu zetu walikithamini kuliko bidhaa zote, kitabu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu ndani ya sanduku la bati, hakikuvuka kizingiti cha nyumba. Tumeishi ukuta kwa ukuta kwa vizazi vinne. Jirani anaijua bei ya sukari yetu, lakini hajui tunachokiamini. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Katika jambo hili tumekula peke yetu.

Kwa ajili ya wageni wetu, tueleze kidogo. Gita ina sura 18 na beti 700, nayo ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Majeshi mawili ya watu wa ukoo mmoja yamekabiliana katika uwanja wa Kurukshetra. Arjuna, shujaa wa upinde, anamwomba Krishna, mwendesha gari lake la vita, alisimamishe katikati ya majeshi. Akitazama upande wa pili anawaona walimu wake, wajomba zake na binamu zake. Upinde unamponyoka mkononi. Anaketi chini ndani ya gari na kusema hapigani. Kitabu kinachofuata ni mazungumzo ya hao wawili: mtu aliyevunjika moyo, na rafiki ambaye ni zaidi ya rafiki.

Mwaka wa kwanza tuliifanya kazi hii kama wafanyabiashara tulivyozoea. Tulichangishana, tukaagiza katoni kumi za vitabu, nakala 500, kwa lugha ya Kiingereza, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana upesi na kwa bei nafuu. Jumamosi mbili tulisimama sokoni na kwenye kituo cha mabasi, tukampa kila apitaye. Jumamosi ya pili, saa kumi jioni, katoni zilikuwa tupu. Tukaandika katika daftari: vilivyoagizwa 500, vilivyogawiwa 500, vilivyobaki hakuna. Tukapiga picha. Tukatoa taarifa mbele ya kamati, tukapigiwa makofi.

Baada ya wiki tatu hivi, mtoto wa dukani kwetu alinunua karanga nje, akazileta zimefungwa kwenye karatasi nyeupe. Tulipoifungua tuliona ni ukurasa wa sura ya pili. Tulitoka kwenda kumtafuta muuzaji, na tukiri kwamba tulitoka kwa hasira. Alikuwa mama mmoja wa makamo. Alitujibu kwa upole kabisa: “Baba, mlinipa wenyewe. Mimi Kiingereza sikijui, na karatasi ni hela. Hii nzuri, haipitishi mafuta.” Hatukuwa na la kumjibu. Kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumempa mtu kitabu bila kumuuliza jina lake, wala lugha anayoisoma, wala kama anakitaka.

Tulirudi dukani na ukurasa ule. Ilikuwa saa ya mchana isiyo na wateja, tukakaa tukausoma. Ndugu mmoja aliyefanya kazi nasi miaka 22 alikuwa akitutazama. Akauliza: “Mzee, kile kitabu unachokigusa kwenye paji la uso kila asubuhi kabla ya kufungua duka, ndicho hicho? Kinasema nini?” Tukamjibu kwamba kinasema mambo mazuri. Akauliza tena: “Mambo gani?” Tukanyamaza. Miaka 22 alikuwa ameuona moshi wa ubani na kitambaa chekundu, akangoja kwa adabu, na siku alipouliza ndipo ilipodhihirika kwamba mwenye kitabu hakijui. Tulizifahamu beti chache kwa kuzisikia katika mazishi na katika bhajan. Kukisoma kwa kuelewa, kutoka sura ya kwanza hadi ya 18, wengi wetu hatukuwahi.

Tuliaibika. Lakini tulipata faraja katika habari za mtu wa kwetu. Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar mwaka 1869, katika ukoo wa Kigujarati wenye kushika dini. Hata hivyo, alikuwa mwanafunzi wa sheria London, umri wake karibu miaka 20, alipoisoma Gita kwa mara ya kwanza, tena kwa kualikwa na Waingereza wawili waliotaka kuisoma pamoja naye katika tafsiri ya Edwin Arnold. Aliona aibu kuwaambia kwamba hakuwa ameisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Akasoma nao vivyo hivyo. Ni kijana huyo ambaye mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini, alipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Na mwaka 1930 ndipo ilipotoka tafsiri yake mwenyewe ya Kigujarati, aliyoikusudia watu wasio na elimu kubwa, wafanyabiashara wakiwemo. Watu kama sisi.

Tujifunze nini hapo? Mgeni ndiye aliyemfungulia mwenyeji mlango wa nyumba yake. Na hakufungua kwa kumpa kitabu akaenda zake. Alifungua kwa kuketi naye.

Basi tuliacha kugawa. Tuliweka mikeka uani hapa, kila Jumamosi baada ya saa kumi, tukapika kahawa na kuandaa kashata. Siku ya kwanza tulikuwa watu saba: wanne wetu, yule ndugu wa dukani, jirani yake mmoja, na mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Ngamiani, Mwislamu mcha Mungu, ambaye alituambia mapema: “Mimi nimekuja kwa ajili ya lugha. Dini yangu ninayo.” Tukamwambia, Mwalimu, karibu.

Bila yeye tungepotea. Sisi tulikuwa tukisoma kwa Kigujarati na kueleza kwa Kiswahili cha dukani. Neno dharma tulilitafsiri “dini”. Mwalimu akatusimamisha: “Kama ni dini, mbona wote wawili wana dini moja na bado wanauana? Hapo maneno hayasimami.” Tukajaribu “wajibu”, tukajaribu “haki”, tukajaribu “mwenendo”. Kila moja lilibeba sehemu, hakuna lililobeba yote. Mwisho tuliliacha dharma kama lilivyo, tukalieleza kila linapotokea. Neno karma wenzetu walilijua kutoka filamu za Kihindi kuwa ni malipo ya ubaya. Katika Gita maana yake ya kwanza ni tendo, yaani kazi ifanywayo. Yoga walidhani ni mazoezi ya viungo. Humo ni njia ya kuifunga nia ya mtu na Mungu. Na atman, tuliyoiita “nafsi”, Mwalimu aliikataa, akisema nafsi kwa Waswahili ndiyo yenye tamaa, basi tuseme “roho”. Mjadala mmoja wa neno moja ulimaliza Jumamosi nzima, na kahawa ikapoa. Sisi tuliozaliwa ndani ya maneno hayo tukayasikia kwa mara ya kwanza.

Palikuja mama mmoja aliyekuwa na shauri la kiwanja cha urithi dhidi ya kaka zake. Tuliposoma jinsi Arjuna alivyoketi chini akilia, alisema: “Huyu ni mimi.” Kisha akauliza swali ambalo hata sasa halijatutoka: “Kwa nini Mungu amwambie mtu apigane na ndugu zake?” Tulimweleza kwamba wako wanaosema ni wajibu wa askari aliyekwisha kujaribu kila njia ya suluhu, na wako, kama Gandhi, wanaosema uwanja ule ni moyo wa mwanadamu, na maadui ni tamaa na hasira zilizomo ndani yake. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema majibu yote mawili hayajamtosha. Jumamosi iliyofuata alirudi. Hatukumshinda kwa hoja wala hatukutaka kumshinda. Alirudi kwa sababu swali lake lilipokewa kwa heshima.

Sasa tuseme neno ambalo wengine wenu mnalo moyoni. Kijana mmoja alisimama langoni akatuuliza waziwazi: “Mnatafuta waumini?” Ni swali la haki, nasi tunalijibu mbele ya wote. Katika sura ya mwisho Krishna anakataza mafundisho haya yasipelekwe kwa mtu asiyetaka kuyasikia. Na papo hapo anamsifu yule anayeyafikisha kwa wenye kuyapenda. Na akiisha kusema yote, hamlazimishi Arjuna. Anamtaka ayapime kikamilifu, kisha uamuzi anamwachia mwenyewe. Ikiwa Mwenye kitabu alimwachia rafiki yake uhuru huo, sisi ni nani tumfunge jirani? Mwalimu wetu bado huondoka mapema kuwahi sala ya magharibi, na mikeka humngoja Jumamosi ifuatayo.

Yapo pia manung'uniko kutoka ndani ya nyumba yetu. Wako wazee walioona si heshima kitabu kitakatifu kushikwa na kila mkono. Tunawaheshimu, na ukurasa ule wa karanga unatukumbusha kwamba hofu yao haikuwa ya bure. Lakini tuwaulize kwa unyenyekevu: heshima gani tuliyompa sisi tuliomfungia kitabuni asiseme? Leo nusu ya wanaoketi mikekani ni watoto na wajukuu wetu wenyewe. Kigujarati wanakisikia kwa bibi zao, hawakisomi. Kisanskriti ni mbali zaidi. Kiswahili ndicho walichosomea, ndicho wanachocheza nacho, ndicho wanachoota nacho. Tulidhani tunawafungulia mlango majirani, kumbe watoto wetu nao walikuwa nje wakingoja. Kiswahili kimewafanyia wao kile ambacho Kiingereza kilimfanyia yule kijana wa Porbandar.

Utaratibu wetu wa sasa ni huu. Hatutoi kitabu kwa asiyeomba. Anayeomba huazimwa, katika lugha anayoisoma. Akirudi na swali, kitabu huwa chake. Akirudi bila swali, hukirudisha tukanywa kahawa, na urafiki unabaki. Mwaka uliopita vitabu vilivyopata wenyewe kwa njia hii havikufika hata 40. Ukivilinganisha na 500 vya mwaka wa kwanza, mhasibu atasema biashara imekufa.

Na hapa sisi wenye maduka tuna somo gumu. Tumelelewa kwa methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli kwa mali. Lakini fundisho ambalo Gita hulirudia mara nyingi ni kwamba mtu aifanye kazi iliyo yake kwa moyo wote, na asiishike thamani yake kwa matunda atakayoyavuna. Tulikuwa tukikigawa kitabu chenye fundisho hilo huku tukihesabu matunda kwenye daftari. Tusingeweza kupata ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba hatukuwa tumekisoma.

Tunamaliza kwa maombi matatu. Kwa wanachama: kabla hujampa mtu yeyote Gita, soma kwanza sura moja kwa kuelewa, uwe na jibu siku utakapoulizwa “mambo gani?” Kwa vijana: tunahitaji wenye Kiswahili fasaha wa kuwa wasomaji Jumamosi, kwa maana macho yetu yanachoka. Na kwa majirani: siku ya Gita Jayanti, siku ya 11 ya mwezi mchanga wa Margashirsha, ambayo huangukia Novemba au Desemba, tutazisoma beti zote 700 kwa zamu uani hapa. Lango litakuwa wazi. Njooni na maswali, hata yale tusiyoyaweza.

Yule ndugu wa dukani amefika sura ya 12. Sisi tuko ya 11. Kila asubuhi bado tunakigusa kitabu kwenye paji la uso kabla ya kufungua duka. Siku hizi yeye hutungoja tumalize, kisha huuliza tulipofikia.