Muhogo Mchungu na Haraka ya Soko

Neno letu la leo ubaoni ni MUHOGO. Mmoja wenu na alisome kwa sauti: mu-ho-go. Vema.

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioufikisha Afrika. Huvumilia ukame, huota penye udongo hafifu, nao waweza kukungoja ardhini mwaka mzima na zaidi. Tunaula wa kuchemsha na wa kuchoma. Tunaukausha uwe makopa, tunapata unga wa ugali. Unaozidi tunauza, tukapata sabuni, chumvi na madaftari ya watoto.

Lakini muhogo ni wa namna mbili, mtamu na mchungu. Ule mchungu hutoa sumu nyingi iitwayo sayanidi. Wakulima wengi huupanda kwa sababu wanyama waharibifu hawaupendi, na hilo ni jambo la akili. Ila kuuchemsha tu hakutoshi. Wazee walitufundisha: umenye, uloweke majini siku tatu mpaka ulainike, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa.

Sasa sikilizeni habari ya Kongo, katika jimbo lililoitwa Bandundu. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, malori yalikuja kununua muhogo. Fedha ilipatikana. Akina mama walihimizwa na soko, na wengi wakaacha kuloweka siku tatu, wakaloweka siku moja. Ndipo ugonjwa uitwao konzo ulipoingia vijijini. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima. Mara miguu yote miwili hukakamaa na kukosa nguvu, wala haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake.

Msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilionekana Tarime, hapa Tanzania. Njaa nayo huleta haraka kama soko.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusipunguze siku za kuloweka, hata kama lori linapiga honi. Mnunuzi haioni sumu kwa macho, anakuamini wewe. Pili, tule ugali wa muhogo pamoja na maharage, dagaa au samaki, kwani vyakula hivyo husaidia mwili kuishinda sumu. Tatu, ukiwa na unga usiouamini, utie maji mpaka ulowe, uutandaze mwembamba, unene usifike sentimeta 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5, sumu iliyobaki itoke hewani. Kisha usonge ugali siku ile ile.

Ndugu zangu, siku tatu za kuloweka si hasara. Mtoto akilemaa miguu, hakuna bei ya gunia itakayomwinua.

Sasa fungueni madaftari, mjibu maswali haya:

1. Muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi?
2. Kwa nini watu wa Bandundu walipunguza siku hizo?
3. Nyumbani kwako mnaloweka siku ngapi? Andika ukweli.

Someni majibu yenu mbele ya wenzenu, mzungumze. Kwa herini, mpaka somo lijalo.