Kura za Drenica: Uchaguzi wa Mapema wa Kosovo, Desemba 2010



Jumapili ya tarehe 12 Desemba 2010, wananchi wa Kosovo walichagua bunge kwa mara ya kwanza tangu nchi yao ijitangazie uhuru. Kufikia usiku, gumzo la Prishtina, mji mkuu, halikuwa nani kashinda. Gumzo lilikuwa Skenderaj. Katika manispaa hiyo zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa walihesabiwa kuwa wamepiga kura, ilhali kwa nchi nzima idadi haikufika hata nusu. Jirani yake, Drenas, nayo ilikuwa juu kupita kiasi.

Asilimia 90 ni nyingi popote. Kwa Kosovo ilikuwa ni zaidi ya nyingi, na sababu iko kwenye daftari la wapiga kura. Daftari lile lilikuwa na majina zaidi ya 1,600,000. Miezi minne baadaye, Aprili 2011, ikafanyika sensa, na bila kuhesabu manispaa za kaskazini zenye Waserbia wengi, watu wote wa Kosovo, wakiwemo watoto wachanga, walikuwa kama 1,740,000. Hesabu hiyo haiingii akilini mpaka ukumbuke kwamba familia nyingi za huko zina ndugu Ujerumani na Uswisi waliohama zamani, na kwamba marehemu hawajifuti wenyewe daftarini. Ili kufikisha asilimia 90 ya daftari la namna hiyo, fundi aliyehamia Stuttgart na bibi aliyekwisha kuzikwa walipaswa wote wawili wapange foleni Skenderaj, tena katika baridi ya Desemba.

Kwa wasioifahamu nchi yenyewe, niseme machache. Kosovo ni ndogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro. Ilijitenga na Serbia tarehe 17 Februari 2008, miaka tisa baada ya vita vilivyoishia kwa ndege za NATO na utawala wa Umoja wa Mataifa. Suala lake lilifika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ambako Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama kutoa hoja Desemba 2009. Na Julai 2010 majaji wakasema tangazo lile la uhuru halikuvunja sheria ya kimataifa. Tanzania iliitambua mwaka 2013, Kenya ikachelewa mpaka Machi 2025. Kwa hiyo uchaguzi tunaouzungumzia ulikuja miezi mitano tu baada ya The Hague kusema neno lake. Nchi ilikuwa inatafuta watu wa kuitambua, na kila kasoro yake ilikuwa chakula cha wapinzani wake.

Haikupangwa iwe hivyo. Uchaguzi ulisogezwa mbele na ugomvi wa vyeo. Rais Fatmir Sejdiu alikuwa pia kiongozi wa chama cha LDK, chama kikongwe cha marehemu Ibrahim Rugova. Yeye alidai uenyekiti ameusimamisha, hautumii. Kundi la wabunge likampeleka Mahakama ya Katiba, na mahakama ikaona amevunja katiba vibaya kwa kushika vyeo viwili. Tarehe 27 Septemba akajiuzulu. Mwezi uliofuata LDK ikajitoa kwenye serikali ya mseto ya Waziri Mkuu Hashim Thaçi, na tarehe 2 Novemba bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani. Wabunge 66 kati ya 120 waliunga mkono hoja, wakiwemo wa PDK, chama cha waziri mkuu mwenyewe. Chama kiliiangusha serikali yake kwa mikono yake.

Mnaona mantiki yake. Katiba inataka uchaguzi ufanyike ndani ya siku 45 tangu bunge livunjwe. LDK ilikuwa bado haijajua mwenyekiti wake ni nani. Isa Mustafa, meya wa Prishtina, alimshinda Sejdiu ndani ya chama tarehe 7 Novemba, wiki tano kabla ya kura. Ramush Haradinaj, kiongozi wa AAK, alikuwa kizuizini The Hague, katika mahakama ya makosa ya kivita, akisubiri kesi kurudiwa. Kwa anayeongoza, haraka ni mtaji.

Sasa niingie kwenye kiini cha mhadhara huu, nacho ni kanuni za uchaguzi. Wasomi wa Ulaya waliandika sana juu ya utamaduni wa Wabalkani, koo zao na silaha zao, kana kwamba wizi wa kura ni maradhi ya damu. Mimi siamini. Ukitaka kujua kura itaibiwa wapi, soma sheria uone inamlipa nani.

Kosovo yote ni jimbo moja la uchaguzi. Viti 100 vinagawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, na viti 20 vimetengewa jamii ndogo: 10 Waserbia, 10 wengine, kuanzia Waromani hadi Waturuki. Chama kisicho cha jamii hizo ndogo, kisipofikisha asilimia 5, hakipati kitu. Jimbo likiwa moja, kura iliyojazwa sandukuni Skenderaj ina thamani sawasawa na kura halali ya Prishtina. Mwaka ule kiti kimoja cha chama kikubwa kiligharimu kati ya kura 6,000 na 7,000. Katika nchi ya majimbo madogo madogo, mwizi wa kura anaiba kiti kimoja ambacho huenda angekipata vyovyote, kwa sababu pale ni kwao. Hapa kila karatasi ya ziada kutoka ngome ya chama inahesabiwa mpaka juu.

Na Drenica, eneo lenye Skenderaj na Drenas, ni ngome kwelikweli. Prekaz, kijiji alikouawa kamanda wa waasi Adem Jashari na jamaa zake Machi 1998, kiko Skenderaj. Thaçi mwenyewe kazaliwa manispaa hiyohiyo. Jeshi la Ukombozi la Kosovo lilichipukia pale, na PDK ni chama kilichozaliwa na jeshi lile. Hakuna aliyetia shaka kwamba Thaçi angeshinda Drenica kwa kura halali. Ndiyo maana swali la kuuliza si kwa nini walimchagua. Swali ni nani alihitaji kura nyingi kuliko watu waliokuwepo.

Jibu liko kwenye kanuni ya pili, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo waandishi wa habari waliiruka. Mpiga kura wa Kosovo alikuwa anaweka alama kwa chama kimoja, kisha anaruhusiwa kuchagua wagombea hadi watano wa chama hicho kwa namba zao. Orodha ya chama ilikuwa na majina hadi 110. Viti vya chama vikishajulikana, anayeingia bungeni ni mwenye kura nyingi za binafsi, na angalau asilimia 30 ni lazima wawe wanawake. Maana yake mgombea wa PDK hakuwa anashindana na LDK peke yake. Alikuwa anashindana na jina lililo juu yake na jina lililo chini yake katika orodha yake mwenyewe.

Hebu tukae kwenye meza ya kituo kimoja, saa nne za usiku. Wakati wa mchana kila anayeingia alimulikwa kidole kwa taa maalumu, kuona kama kimekwisha kupakwa wino usioonekana kwa macho. Sasa milango imefungwa, masanduku yamemwagwa mezani. Wajumbe wa kamati ya kituo wameteuliwa na vyama, na katika ngome ya chama kimoja hata mjumbe wa chama pinzani huwa jirani au shemeji. Kuhesabu kura za vyama ni kazi ya saa moja au mbili. Kisha inaanza kazi ya wagombea: mirundiko ya karatasi, namba 1 hadi 110, mistari ya tano tano kwenye fomu kubwa, mkono umekufa ganzi. Karatasi nyingine ina alama ya chama peke yake, nafasi za wagombea ziko wazi. Kalamu iko hapohapo. Nyingine ina namba tatu. Mbili zaidi hazionekani kama ni kosa. Hata usipoigusa karatasi, fomu yenyewe ni rahisi: 14 inageuka 74 kwa mkwaruzo mmoja. Na wajumbe wa vyama tofauti wanaweza kupatana bila ugomvi, kila mmoja amchakachulie mtu wake ndani ya chama chake, kwa sababu jumla ya kura za vyama haibadiliki na hakuna chama kitakachopiga kelele.

Ndiyo maana fomu nyingi zilipofika kituo cha kujumlisha matokeo hazikulingana, na masanduku mengi yakalazimika kufunguliwa na kuhesabiwa upya. Wakosovo walikwisha kuupa mchezo huo jina: wizi wa kiwanda. Tarehe 9 Januari 2011 kura zikarudiwa Skenderaj, Drenas, Deçan na katika vituo vichache vya Malisheva na Lipjan. Tarehe 23 Januari ikawa zamu ya Mitrovica yote. PDK ikabaki ya kwanza kwa asilimia 32 na viti 34, LDK viti 27, Vetëvendosje ya Albin Kurti, iliyogombea kwa mara ya kwanza, 14, AAK 12, na AKR ya tajiri wa ujenzi Behgjet Pacolli, 8. Chama kipya cha vijana wasomi, Fryma e Re, kiliishia asilimia 2 na kukosa kiti. Mmoja wa viongozi wake, Shpend Ahmeti, miaka mitatu baadaye alimng'oa Isa Mustafa kwenye umeya wa Prishtina, akiwa upande wa Vetëvendosje.

Wageni waliokuwa wakiisimamia nchi ile walisikitika kwa maneno ya kidiplomasia, wakaendelea na shughuli zao. Siku mbili baada ya kura, Mswisi Dick Marty wa Baraza la Ulaya alikuwa ametoa rasimu ya ripoti inayomhusisha Thaçi na makosa mazito ya wakati wa vita, jambo alilolikana, na macho ya dunia yakahamia huko. Masanduku ya Drenica hayakuwa habari tena.

Lakini kura iliyochafuka haikuishia vituoni. Bunge lilikutana Februari, na ili Thaçi apate serikali ilibidi Pacolli apewe urais. Katiba inataka theluthi mbili ya wabunge katika raundi mbili za kwanza, kisha wabunge 61 katika ya tatu. Upinzani ukatoka nje. Tarehe 22 Februari Pacolli, mgombea pekee, alipata 54, kisha 58, na hatimaye, baada ya mapumziko ambayo mawaziri walishinda wakiwabembeleza wabunge, 62. Tarehe 28 Machi Mahakama ya Katiba, ambayo majaji watatu kati ya tisa walikuwa wageni, ikaubatilisha uchaguzi huo: ukumbini walikuwepo wabunge 67, akidi haikutimia, na kumpitisha mtu asiye na mpinzani si kuchagua.

Hapo balozi wa Marekani, Christopher Dell, akawakalisha wakubwa meza moja. Jina la rais lilikuja ndani ya bahasha. Tarehe 7 Aprili wabunge 80 walimchagua Atifete Jahjaga, naibu mkuu wa polisi, mwanamke wa miaka 35 ambaye wananchi wengi hawakuwahi kumsikia. Aliutumikia urais kwa heshima mpaka 2016, na sina neno baya juu yake. Nina neno juu ya bahasha. Bunge lililochaguliwa kwa kura za mashaka lilikosa uso wa kukataa jina lililoletwa na balozi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Wizi wa 2010 haukumpa Thaçi ushindi ambao asingeupata. Tofauti yake na LDK ilizidi kura 50,000. Ulichoamua ni nani ndani ya kila chama akalie kiti, na wabunge wa namna gani waje kumchagua rais. Mamia ya wajumbe wa vituo walifikishwa mahakamani katika miaka iliyofuata, wengi wakatozwa faini au kupewa vifungo vya nje. Waliowatuma hawakuonekana kizimbani.

Mapatano ya meza ile ya Dell, Aprili 2011, yaliahidi pia sheria mpya ya uchaguzi. Ahadi ile ilifia kwenye kamati za bunge. Sheria mpya ya uchaguzi mkuu ilipatikana mwaka 2023, na idadi ya wagombea ambao mpiga kura anaweza kuwawekea alama ikapandishwa kutoka watano hadi kumi.