Mshale Unaposema Hamsini

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Jumamosi iliyopita nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Mpanda kwenda Koga, na nikamwambia uongo bila ya kujua kuwa nasema uongo.

Kijana yule alinisalimu vizuri. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Akaniuliza nilikuwa naendesha mwendo gani. Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa: "Hamsini, kijana wangu. Mshale ulikuwa juu ya hamsini, na nilikuwa nautazama." Akatabasamu, akanionyesha ile tochi yao. Ilikuwa imeandika 79. Nikataka kubishana. Nikamwita aje atazame mwenyewe, kwani gari langu halina mbio hizo. Akaniambia kwa upole, "Mzee, tochi haikufahamu wewe wala mimi." Nikapewa namba ya malipo ya shilingi 30,000. Wakati naihangaikia ile karatasi, mtoto wa kike mwenye ndoo ya maji kichwani alivuka barabara mbele ya boneti yangu, taratibu, bila ya kutazama kulia wala kushoto. Nilimtazama mpaka akafika ng'ambo.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, chesisi ndefu, la miaka ya 1960. Nililinunua kwa bwana nyuki mmoja aliyestaafu, ambaye alizunguka nalo misitu ya Inyonga akikagua mizinga ya asali. Kwa miaka yote niliyokaa nalo sikuwahi kuwa na shaka na ile saa yake ya mwendo, yaani spidomita, kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Wenyeji wa huku mnanielewa. Barabara ya vumbi na makorongo ndiyo iliyokuwa inatupangia mwendo. Ukizidisha kidogo, mgongo unakuambia, springi zinakuambia, na mama aliyeketi nyuma na kuku wake anakuambia. Masika yakiingia, pale Koga gari halikwenda mwendo wowote, bali lilisubiri. Aliyekuwa na haraka alipanda treni ya kwenda Kaliua, kwenye ile reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda.

Sasa lami imekuja. Kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga mtu anateleza mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda anateleza tena mpaka Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Sisemi haya kwa kulalamika, maana lami tuliililia miaka mingi. Nasema tu kwamba magari yetu ya zamani yameingia katika barabara mpya yakiwa na saa za zamani, na mimi ni shahidi wa kwanza wa jambo hilo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa fundi wangu pale Makanyagio. Alifungua saa ile, akafuta kioo kwa kitambaa chenye petroli kidogo, akaigeuza kwenye jua. "Mzee, hebu tazama hapa chini." Zilikuwepo herufi tatu, M.P.H., zilizoliwa na jua la nusu karne mpaka zikabaki kivuli. "Saa yako haina ugonjwa, mzee. Inasema maili."

Ndugu msikilizaji, nchi yetu iliacha maili na ratili, ikaingia katika kilomita na kilo mwishoni mwa miaka ya 1960. Mabango yalibadilishwa na mizani ikabadilishwa. Lakini Land Rover ya bwana nyuki haikuambiwa. Maili moja ni kilomita moja na mita 609. Kwa hiyo hamsini ya saa yangu ni kilomita 80 na nusu kwa saa, na ile 79 ya askari ilikuwa kweli tupu.

Hebu tuone maana yake kwa yule mtoto wa ndoo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linameza karibu mita 14 kila sekunde. Linalokwenda 80 linameza zaidi ya mita 22. Mguu wangu wa kizee unahitaji sekunde nzima, na pengine zaidi, kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki, na muda wote huo gari linakwenda tu. Halafu ndipo breki zianze kazi, nazo za gari hili ni zile za madramu magurudumu yote manne. Nguvu ya kusimamisha gari haiongezeki sawasawa na mwendo. Inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Kutoka 50 hadi 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki ni zaidi ya mara mbili na nusu. Mimi nilikuwa nakatisha kijijini nikijisifu kuwa mstaarabu, huku nikitembea mwendo ambao sheria yetu inauweka kuwa wa mwisho kwa basi na lori nje ya makazi.

Swali likawa: tuifanyeje saa hii?

Kwanza inafaa tujue inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kuna meno yanayosukuma mshale. Hakuna. Kutoka kwenye giaboksi unakuja waya unaozunguka ndani ya mpira wake, na kadiri magurudumu yanavyokwenda ndivyo waya unavyozunguka. Mwisho wa waya, ndani ya saa, kuna sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha aluminiamu bila ya kukigusa. Aluminiamu haishikwi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka karibu yake huzaa umeme kidogo ndani ya kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama ya saa ya mkononi inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe, na pale springi na sumaku zinaposhindana sawa ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze aliandikisha ubunifu huo mjini Berlin mwaka 1902, na dunia nzima ikautumia karne nzima. Mimi huona ni kitu cha kupendeza kuliko saa nyingi za siku hizi, lakini hayo ni ya mzee.

Fundi wangu alikuwa na dawa ya haraka. Alikuwa na spidomita ya Toyota kuukuu, yenye kilomita, safi. "Tunatoboa dashibodi kidogo, mzee, tunaiweka, unaondoka." Hapo ndipo nilipomshika mkono. Kila saa ya waya imetengenezwa kwa hesabu yake ya mizunguko. Saa nyingi za Kijapani za enzi ya waya huhesabu mizunguko 637 kuwa kilomita moja. Saa za Kiingereza huandikwa chini ya uso mizunguko yao kwa maili, na kila aina ya gari ina yake. Ya kwangu tarakimu zilikuwa zimefutika. Basi tukaipima wenyewe. Tulichomoa waya kwenye saa, tukafunga kibendera cha karatasi kwenye ncha yake, tukanyoosha futi kamba mita 10 mahali palipo sawa, na vijana wanne wakasukuma gari polepole huku mimi nikihesabu kibendera kinavyozunguka. Tulirudia mara tatu. Kila mara kilizunguka mara tisa hivi. Zidisha kwa mia, unapata mizunguko 900 kwa kilomita.

Sasa chukua mizunguko 900 uipeleke kwenye saa inayosubiri 637. Nikienda 80 ya kweli, saa ya Toyota itaonyesha 113! Land Rover ambayo mlimani hupitwa na baiskeli. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini, ndugu msikilizaji, ni magari mangapi yametobolewa dashibodi namna hiyo, na hakuna aliyehesabu? Kuna mchanganyo mwingine wa saa na giaboksi ambao ungedanganya upande wa pili, mshale ukasema 60 mtu akiwa 80, na huo ndio unaoua. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu vyombo hivi, kanuni namba 39, inairuhusu saa itokayo kiwandani kuzidisha kidogo, ila kamwe isionyeshe chini ya mwendo wa kweli.

Na matairi nayo yamo. Land Rover fupi ilitoka kiwandani na matairi ya 6.00-16. Huku kwetu wengi huyavua wakavalisha 7.50-16 ya ile ndefu, ili gari liinuke juu ya mawe. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kiasi cha sehemu moja ya kumi. Saa haijui. Mshale unasema 80, wewe uko 88.

Hesabu hizi si ngeni Afrika Mashariki. Washindani wa ile Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, walikuwa wakifunga kwenye magari yao vipimo vya Halda kutoka Sweden, ambavyo vilikuwa na meno ya kubadilisha ili kipimo kilingane na matairi ya gari husika. Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, hakushinda kwa mguu mzito peke yake. Mashindano yale yalitaka mtu ajue yuko kilomita ya ngapi. Hata leo vipo vijiboksi vya meno vya kufunga katikati ya waya, kupunguza au kuongeza mizunguko, ila vinatengenezwa ng'ambo kwa oda, na bei yake sikuipenda.

Niseme pia jambo ambalo si la kiufundi. Zamani nilifanya kazi katika shirika moja nisilolitaja, lililokuwa na magari na kitabu cha safari kwa kila gari. Dereva aliyetaka kwenda harusini kwa gari la ofisi alikuwa akichomoa waya wa spidomita jioni na kuurudisha alfajiri. Kitabu kilibaki safi. Meneja alijua, sisi tulijua, na wengine wetu tulipanda kwenda harusini. Kidogo kidogo tukazoea kwamba saa ya gari ni kitu cha kuchomolewa. Leo nendeni kituo chochote cha bodaboda hapa Mpanda mkatazame pikipiki kumi. Mshale ngapi unacheza? Waya ukikatika, hakuna anayenunua mwingine, maana pikipiki inatembea bila waya. Vijana hao ndio wanaobeba watoto wetu kwenda shule, watatu kwa mpigo.

Mabasi angalau yana mlinzi. Mamlaka ya LATRA imeyafungia vifaa vinavyotuma habari za mwendo wao, na dereva hawezi kusema kama nilivyosema mimi. Magari yetu ya binafsi hayana.

Basi nimeamua nini? Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa magari ya kale, alinisihi nisiguse uso wa saa ile, kwani thamani ya gari imo katika vitu kama hivyo. Huko Ulaya watu huzipeleka kwa mafundi maalumu wakapakwa uso mpya wa kilomita na kurekebisha springi na sumaku. Nimemkubalia nusu. Saa ya Kiingereza itabaki mahali pake, na maili zake. Nimeagiza Dar es Salaam kisaa kidogo kinachosoma mwendo kutoka kwenye setilaiti. Hakihitaji waya, hakijali giaboksi wala matairi, na hakitobolewi dashibodi. Kasoro yake ni kuchelewa kidogo gari linapobadilisha mwendo ghafla, jambo ambalo Land Rover yangu haijawahi kulifanya.

Asiye na fedha ya kisaa anaweza kupima yake kwa bure. Akae na mtu wa kumsomea saa ya mkononi, ashike mwendo mmoja kati ya nguzo mbili za kilomita kwenye lami. Sekunde 72 ni mwendo wa 50. Sekunde 60 ni 60. Sekunde 45 ni 80. Ikiwa mshale unasema vingine, amekwisha kujua kasoro yake.

Kisaa changu hakijafika, kiko kwenye basi. Kwa sasa fundi amenibandikia vipande viwili vya utepe mwekundu juu ya kioo, kimoja kwenye 31, ambayo ni kilomita 50, na kingine kwenye 50, ambayo ni 80. Juzi nilipita tena katika kijiji kile cha askari, mshale ukiwa kwenye utepe wa kwanza. Lori lililokuwa nyuma yangu lilinipigia honi tangu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwaherini hadi juma lijalo.