Hita Iliyopuliza Baridi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Walionitangulia wamezungumzia uongozi na maendeleo, na wamesema vizuri. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina shahada yangu ya chuo kikuu, na naomba ruhusa nizungumze juu ya hita ya gari. Msicheke kwanza.

Mwezi wa Julai mwaka 2014 nilikuwa katika ziara ya kikazi kutoka Njombe kwenda Makete. Wenzetu wa kule wanaijua Julai yao: asubuhi umande huganda juu ya majani, na mtu akizungumza pumzi yake huonekana kama moshi. Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo, ya kupanda na kushuka, kona baada ya kona. Ndani ya gari la ofisi tulikuwa wawili, mimi na dereva, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Tulipoanza mlima mrefu mzee akaniambia, "Mkuu, hita imeanza kupuliza baridi."

Nikamjibu, "Mzee wangu, hatukuja huku kuota moto. Vaa koti."

"Sisemi kwa ajili ya baridi, mkuu. Nasema kwa ajili ya maji. Tusimame kidogo, injini ipoe, nitazame."

Nikatazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Ulikuwa katikati, mahali pake pa siku zote. Nikatazama saa. Wanakijiji walikuwa wakitungoja. Nikasema, "Mshale uko sawa. Twende." Mzee akanyamaza, akabadili gia.

Hatukufika. Mbele kidogo mshale ulipanda ghafla, mvuke ukafoka chini ya boneti, na injini ikazima yenyewe. Tulikaa pale saa nne, tukitetemeka, mpaka lori la viazi likatuvuta. Gereji walipofungua walikuta gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Chanzo kilikuwa mpira mmoja wa maji ya hita, uliopasuka ufa mdogo karibu na klipu yake. Mpira usiozidi urefu wa kiganja ulikuwa umeua injini nzima.

Sasa, vijana, sikilizeni fizikia yake, maana tulifundishwa humu humu. Hita ya gari haina moto wake. Maji yanayopooza injini huchota joto, na sehemu ya maji hayo hupitia mipira miwili kwenda kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa katikati ya rejeta hiyo, nayo hewa hutujia ikiwa na joto. Maji yakipungua, hewa huingia mahali pake, na mara nyingi hukusanyika kwenye rejeta ile ndogo, kwa kuwa iko juu. Ndiyo maana hita hupoa kabla injini haijachemka. Na mshale? Kifaa kinachopima joto hutakiwa kiwe ndani ya maji. Maji yakishuka kikabaki hewani, kinaweza kukudanganya. Tena kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Sentigredi, wala si 100. Mfuniko wa rejeta hushikilia mgandamizo ili yasichemke mapema. Panapovuja, mgandamizo nao hupotea. Haya yote niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Siku yalipohitajika, aliyeyakumbuka alikuwa mzee ambaye hakupita sekondari.

Baada ya wiki mbili jalada likaja mezani kwangu. Dereva alikuwa ametakiwa ajieleze kwa nini asikatwe gharama za injini, nami nikatakiwa kuandika maoni yangu kama ofisa aliyekuwa safarini. Mnajua maana ya kukatwa fedha kwa mtu anayengoja kiinua mgongo. Nakiri mbele yenu kwamba jalada lile lilikaa kwangu siku tatu. Siku ya kwanza niliandika kwamba dereva hakukagua gari ipasavyo. Maneno yalikuwa mazuri, na hakuna ambaye angeniuliza. Siku ya tatu niliichana ile karatasi, nikaandika mistari miwili: "Dereva alinitahadharisha na akaomba tusimame. Mimi ndiye niliyemwamuru aendelee."

Nilipata barua ya onyo, nami niliistahili. Mzee alistaafu mwaka uliofuata na haki zake zote.

Kabla hajaondoka nilimwomba anifundishe, naye alinifundisha bila kinyongo. Hivi ndivyo alivyonionyesha, ili kila mwenye gari humu aende nayo nyumbani.

Kwanza, hita ikipuliza baridi, simama na uiache injini ipoe kabisa. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa na moto. Watu wameungua uso. Ikishapoa, tazama kiasi cha maji kwenye rejeta na kwenye chombo cha akiba. Yakiwa yamepungua, usiridhike kwa kuongeza tu. Maji hayapotei bila sababu. Tafuta kwenye mipira, kwenye klipu na chini ya pampu ya maji. Papasa zulia la mbele. Likiwa limelowa maji ya rejeta, huenda rejeta ndogo ya hita inavuja. Na ukiona moshi mweupe unatoka kwa wingi kwenye ekzosi hata injini ikiwa imeshapata moto, ishuku gasketi ya hedi na umwite fundi.

Pili, maji yakiwa yamejaa, tazama mshale. Ukiwa umeendesha dakika ishirini na bado uko chini, ishuku thamostati. Huu ni mlango mdogo unaofunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Ukikwama wazi, injini haipati joto lake. Wako mafundi wa mikoa ya joto wanaoing'oa kabisa, wakidai wanaisaidia injini. Gari la namna hiyo likipandishwa nyanda za juu, hita hutoa baridi na mafuta huliwa zaidi.

Tatu, mshale ukiwa sawa na maji yamejaa, weka swichi ya hita kwenye moto, kisha gusa kwa uangalifu ile mipira miwili inayoingia nyuma ya dashibodi, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Kasoro iko ndani, kwenye waya au kile kibao kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba kwa kutu, au vali ya hita haifunguki. Kuziba huko huoshwa kwa maji safi, pande zote mbili, bila nguvu nyingi. Yote miwili ikiwa baridi, huenda vali imefungwa, pampu imechoka, au hewa imenaswa ndani.

Hewa ikinaswa, egesha gari pua ikitazama juu ya mteremko na uweke breki sawasawa. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, weka hita kwenye moto, washa injini ivume polepole, uongeze maji kidogo kidogo mpaka mapovu yakome. Magari mengine yana skrubu maalumu ya kutolea hewa. Kisha funga mfuniko na urudie kutazama maji kesho yake, gari likiwa limepoa.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa tumekuwa wakubwa kazini. Tuna watu wanaotuendesha, wanaotupikia, wanaotuandikia. Mara nyingi wao ndio huhisi baridi kwanza. Wakisema, tusitazame saa. Tusimame, tufungue boneti.

Nanyi vijana, someni fizikia kwa bidii, mfaulu. Lakini siku mtakapopewa gari na dereva, msidhani mtihani umekwisha. Na siku jalada litakapofika mezani kwenu, likiwa na jina la mtu mdogo juu yake, msilikalishe siku tatu kama mimi.